A ndiyo ilikuwa inaisha kwanza

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kiliishiwa vitabu vya risiti, na kwa kuwa mimi ndiye mweka hazina, nikatumwa Kariakoo. Duka lenyewe ni kama mengine ya mtaa ule: mbele kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na kava za simu zimening'inizwa ukutani ili kodi ipatikane. Nikaelewana na kijana wa mbele: karatasi tatu-tatu, nyeupe, ya waridi na ya njano, namba zianzie 0501. Alipokuwa anaandika oda nikasikia mlio kutoka chumba cha nyuma. Chuma kinagonga, hewa inavutwa, chuma kinagonga tena.

"Hiyo ndiyo itakayopiga namba zako," akasema. "Nenda kaone."

Nyuma kulikuwa na mashine ya kuchapa ya Heidelberg, nyeusi, imepakwa grisi hadi inang'aa. Mikono yake miwili ilikuwa inazunguka, mmoja unanyakua karatasi, mwingine unaachia iliyokwisha kupigwa. Pembeni yake alisimama mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Usisogee zaidi ya hapo, mkono huo hauna macho."

Aliizima ili anioneshe. Ndani ya fremu ya chuma, katikati ya vipande vya mbao vilivyokazwa kwa kabari, kulikuwa na kiboksi kidogo cha namba. Kila kinapobanwa kwenye karatasi, gurudumu lake linasogea hatua moja, 0501 inakuwa 0502. Shinikizo lenyewe linapenya hadi karatasi ya tatu, ndiyo maana nakala zote zinapata namba ileile kwa pigo moja. "Hii haijui kuandika," mzee akasema. "Inajua kuhesabu tu."

Nikamuuliza herufi ziko wapi, zile za madini ya risasi, ambazo zamani zilipangwa moja moja kuwa maneno ndani ya fremu ile.

"Ziko baharini."

Nilidhani ananitania. Kumbe ofseti, uchapaji wa mabamba usiohitaji herufi za risasi, ilipowazidi nguvu, walizipima kwa kilo wakaziuza kama chuma chakavu, na mnunuzi alikuwa mtu wa kuyeyusha risasi na kumimina chubwi za wavuvi. Makabati ya herufi yakavunjwa, mbao zikatengenezwa rafu.

Nikamwuliza swali moja la mwisho, la kupitisha muda tu: katika kupanga kwake, herufi gani ilikuwa inamsumbua? Hakufikiri hata kidogo.

"A. Ukurasa haujafika nusu, A zimekwisha. E zimejaa tele, huna pa kuzipeleka."

Kwa wiki kadhaa jibu hilo halikunitoka. Nasoma tangazo la kukatika kwa maji ukutani, najikuta nahesabu A.

Kabati la mgeni

Nilichofanya baadaye kinaweza kufanywa na yeyote mwenye kalamu. Nilichukua sentensi mbili ambazo wengi tumeziona mahali, kifungu cha kwanza cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu." Nikahesabu herufi moja moja.

Herufi 98. A ni 21.

Yaani zaidi ya herufi moja kwa kila tano. I ni 11, W ni 9, E ni 7 tu. K ziko 3 na Z 2. Q na X hazimo, wala hazitarajiwi.

Sasa weka hesabu hiyo pembeni ya orodha iliyokuwa maarufu kwa wapiga chapa wa Kiingereza katika karne ya 19, inayoonyesha seti kamili ya herufi iwe na ngapi za kila aina. E zilikuwa 12,000. W 2,000. K 800. Z 200. Q, ambayo sisi hatuna kazi nayo, 500. Kwa Mwingereza, kila Z moja ina E sitini. Katika sentensi zetu mbili, Z mbili zina E saba.

Herufi hizo zilikuwa zinauzwa hivyo, kwa uwiano huo, na kabati lilichongwa kuufuata. E ilikuwa na kisanduku kikubwa kuliko vyote, katikati, mkono unapofika bila kunyooka. K na Z zilipewa vijisanduku vidogo vya pembeni. Mpangaji wa Kiswahili akisimama mbele ya kabati hilo, basi "kazi", "kuzaliwa", "zikaokolewa", kila neno linampeleka pembeni mwa kabati na kumrudisha. Siku nzima bega linasafiri. Huo ni uchovu ambao hauonekani kwenye ukurasa uliokwisha kuchapwa, na sidhani kama msomaji yeyote aliwahi kuufikiria.

Mzee aliniambia kulikuwa na mbinu. A zikiisha, unachapa kurasa ulizokwisha kupanga, unazisafisha kwa mafuta ya taa, unazivunja, unarudisha kila herufi kisandukuni mwake, ndipo unaendelea na ukurasa unaofuata. Kitabu kinatoka kurasa chache chache, kwa sababu ya A.

Mashine imebaki

Nimesoma mara nyingi kwamba uchapaji wa kugonga umekufa. Wanaosema hivyo hawajaagiza kitabu cha risiti. Heidelberg za aina ile, zile za mikono inayozunguka, ziliacha kutengenezwa mwaka 1985, na bado kuna vyumba vya nyuma vingi katika miji yetu ambamo zinanguruma toka asubuhi. Zinapiga namba. Zinatoboa vile vitundu vya kuchania risiti. Zinakata maboksi ya keki na kuyawekea mikunjo. Zinabandika dhahabu kwenye kadi za harusi. Ikiwa na afya, moja inaweza kupitisha karatasi hadi 5,000 kwa saa, na printa ya mezani ya wino au ya leza haiwezi kupiga namba ikapenya nakala tatu.

Mtu akiniuliza kama kazi hii inaishi, nilikuwa tayari kujibu ndiyo na kumpeleka Kariakoo.

Lakini nilikuwa najibu kuhusu mashine.

Maana ndani ya ile fremu hakuna herufi hata moja. Kuna namba, wembe wa kutobolea, waya wa kukunjia. Kilichokuwa moyo wa kazi, mtu kusimama na kuamua neno hili likae wapi na nafasi hii iwe kiasi gani, kimeondoka chumba cha nyuma kikahamia kwenye kompyuta ya mbele, kwa kijana ambaye hakuna aliyemfundisha. Na hata hicho kilichobaki nyuma kina mashaka yake. Tangu mashine za EFD, zile za risiti za kodi, zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, risiti nyingi zinatoka kwenye karatasi ya joto inayofutika kabla hujamaliza mwaka. Vikundi kama chetu, makanisa, misikiti na shule ndio tunaomlisha mzee.

Vijana wa Unguja

Tukiongelea Kiswahili kupangwa kwa risasi, ni lazima tufike Unguja. Edward Steere aliingia huko mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Kianglikana, na katika shughuli za awali za misheni ile kulikuwa na mtambo wa kuchapa. Waliofundishwa kupanga herufi walikuwa vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Hapa ndipo ninaposimama kila mara. Wengi wao walitoka bara, kina Wayao na majirani zao. Kiswahili walikikuta pwani. Kwa hiyo baadhi ya mikono ya mwanzo kabisa kukipanga Kiswahili katika chuma, kinyumenyume na kichwa chini kama kazi inavyotaka, ilikuwa mikono ya watoto waliokuwa bado wanajifunza kukisema. Mwaka 1888 misheni hiyohiyo ikatoa gazeti la *Msimulizi*. Majina tunayoyakumbuka ni ya maaskofu.

Kanuni ya tahajia waliyoifuata tunaiishi hadi leo: irabu zisomwe kama za Kiitaliano, konsonanti kama za Kiingereza. Tumezoea kuizungumza kama suala la lugha. Mimi siku hizi naiona kama suala la kabati. Enzi hizohizo Mjerumani Richard Lepsius alikuwa amependekeza alfabeti ya kuandikia lugha zote, yenye nukta na vistari juu na chini ya herufi. Kuichapa unahitaji herufi maalumu za kuagiza Ulaya, na zikivunjika umekwama. Lakini sh, dh, gh, ny, hata ng' yenye ritifaa yake, zinapangika kwa kabati lolote la Kiingereza popote duniani. Kilichopotea ni urefu: tunatumia herufi mbili mahali pa moja, na maneno yetu hayakuwa mafupi tangu hapo.

Upande wa pili wa mji huohuo, Sultani Barghash naye aliweka mtambo wake, na katika miaka ya 1880 ukawa unatoa vitabu vya Kiarabu, hasa vya fiqhi, yaani sheria za dini, ya madhehebu ya Ibadhi. Kupanga Kiarabu kwa risasi ni mateso ya aina yake, kwa kuwa herufi moja inaweza kuwa na umbo la mwanzo, la katikati, la mwisho na la kusimama peke yake, na kabati linakuwa na mamia ya vijisanduku. Tenzi zetu zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu zikaendelea kwa sehemu kubwa kunakiliwa kwa mkono. Najiuliza Kiswahili kilichochapwa kingekuwa na sura gani leo kama kazi ile ingekuwa nyepesi zaidi. Sina hakika kama ningekipenda zaidi. Ningependa tu kukiona.

Tukate wapi?

Nilipofuata vitabu vyangu nilibeba waraka mmoja wa ofisi fulani, niliokuwa nimeukasirikia bila kujua kwa nini. Mzee akashusha miwani, akaugusa kwa kidole mara moja.

"Hapa. Wamemchinja."

Mwisho wa mstari uliandikwa "wanan-", na mstari wa chini ukaanza na "chi".

Kompyuta ilikuwa imepangiwa Kiingereza, ikakata neno la Kiswahili kwa kisu cha Kiingereza. Nikamuuliza yeye angekata wapi. Akasema kanuni waliyopewa ilikuwa fupi: kata baada ya irabu. Wana-nchi. Wana-funzi. Waso-maji. Silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu, hivyo huhitaji kamusi wala mwalimu, unahitaji kulisema neno kimoyomoyo. Halafu kulikuwa na ya pili, ambayo hakuipewa na mtu: silabi moja haivuki peke yake. Usimpe msomaji "kuta-" kisha umwekee "ka" chini. Heri ubane nafasi za mstari mzima.

Na ya tatu, aliyosema baada ya kunywa chai, ilinishangaza. Ukiweza kuchagua kati ya sehemu mbili za kukata, angalia kitenzi. "Hawata-wasaidia" inasomeka. "Hawatawasai-dia" inamsimamisha mtu. Kwa hiyo alikuwa anakata akifuata sarufi, mtu aliyeishia darasa la saba, na alikuwa anafanya hivyo huku maneno yamepinduliwa mbele yake, na fundi mkuu anataka ukurasa saa sita.

Fungua gazeti lolote la Kiswahili lenye kolamu nyembamba uone kinachotokea kanuni hizi zisipokuwepo. Maneno yetu yanabeba mtenda, wakati, mtendwa na kitendo vyote ndani yake; kolamu ya sentimita tano inaingiza matatu, pengine mawili. Kompyuta ikilazimishwa kunyoosha kingo zote mbili, inatawanya yale mawili hadi pembeni na kuacha uwanja katikati. Tumezoea. Tunadhani Kiswahili ndivyo kilivyo.

Mahali pekee ambapo naona watu bado wanalijali jambo hili kwa ukali ni kwenye kanga. Jina la kanga lina nafasi moja, juu ya pindo, na lazima likae katikati, kwa herufi kubwa, lisiguse nakshi za mji, ile sehemu ya katikati, wala lisining'inie upande mmoja. Mwanamke akiitandaza dukani na kuona jina limepogoka, anairudisha. Hakuna mhariri mkali kama huyo.

Shaka yangu

Kuna usiku nilikuwa karibu kuifuta makala hii.

Niliona najiandalia huzuni tamu ya kitu nisichokifanya. Mimi sikusimama saa tisa kwa siku mbele ya kabati. Herufi zile zilikuwa risasi, bati na antimoni, na risasi ni sumu. Mzee anasema walikuwa wanapewa maziwa mahali alipofanyia kazi ujana wake, ati yanazuia madhara, na alisema neno "ati" kwa namna ambayo sikuhitaji kuuliza zaidi. Nilipomwambia kuna watu Ulaya na Marekani wanalipa fedha nzuri kwa kadi iliyogongwa kwa mashine kama yake, alitaka kujua jambo moja tu: wanaigongaje?

Nikamwonesha picha kwenye simu. Herufi zimezama ndani ya karatasi nene, unaweza kuzipapasa kwa kidole.

Alicheka hadi akakohoa. Hiyo, kwa mafunzo yake, ni kazi mbovu. Fundi mzuri alikuwa ni yule ambaye herufi zake zinaibusu karatasi tu. Ukigeuza upande wa pili usione alama yoyote. Herufi zote zina kimo kimoja, kama milimita 23.3, na kazi kubwa ya kuandaa mashine ilikuwa kubandika vipande vya karatasi nyembamba nyuma ya zilizochoka ili zote ziguse sawasawa. Kuzizamisha ni kuziua kabla ya siku zake. Mteja wa leo analipia hasa lile ambalo mzee angekatwa mshahara kwa kulifanya.

Lakini nisiwe mwepesi wa kuwacheka. Kuna mtu mmoja aliyenirudisha kwenye makala hii, Amos Kennedy Jr., Mmarekani mweusi wa Detroit. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika shirika kubwa. Alipotembelea Williamsburg, Virginia, akaona mtambo wa kizamani ukichapa, maisha yake yakageuka na baadaye akaiacha kazi. Anachapa mabango kwa herufi kubwa za mbao, rangi juu ya rangi juu ya rangi, methali na maneno ya kuchokoza, na anayauza kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Hataki kuitwa msanii. Anasema yeye ni mpiga chapa. Yeye hachapi kwa ajili ya kuhifadhi chochote: ana jambo la kusema, na herufi za mbao zinasema kwa sauti anayoitaka.

Hapo nikaona swali langu la kwanza halikuwa na maana kubwa. Mtambo unaweza kuendelea bila ufundi, kama pale Kariakoo nyuma, ambako unahesabu tu. Swali la kuuliza ni nani sasa hivi anaangalia neno la Kiswahili kabla halijachapwa, na anaangalia kwa jicho gani.

Kadi ya mchango

Ndugu yangu anaoa. Kamati ikanipa kazi ya kadi za mchango kwa sababu "wewe siku hizi unashinda kwa wachapaji". Nikarudi dukani, safari hii nikakaa mbele, na kijana wa kompyuta.

Maneno ya kadi za mchango mnayajua. Familia ya fulani inayo furaha kukutaarifu, na kadhalika, hadi kwenye namba za simu za kutumia fedha. Yeye alikuwa ameyapanga yote katikati, fonti ya kujikunjakunja, mistari ikivunjika popote ilipojaza. Mstari mmoja uliishia na "inayo furah-". Nikamwambia akate baada ya irabu na asiache silabi moja ivuke. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia alisome kwa sauti. Akasoma, akatabasamu, akaliteremsha neno zima.

Kisha akaanza kuhangaika mwenyewe. Akaitoa ile fonti akaweka nyingine iliyonyooka. Akasogeza jina la bibi harusi kwa nukta mbili, akarudi nyuma na kiti, akalirudisha nukta moja. Ritifaa ya ukoo wao, unaoanza na Ng', ilikuwa imegeuka ikawa alama ya kufungulia nukuu. Akaibadilisha bila mimi kusema. Nilikuwa nimenyamaza muda mrefu alipoonesha mstari wa tatu.

"Huu siwezi kuuacha hivi."

Ulisomeka "Kwa neema zake Mwenyezi", na chini yake peke yake, katikati kabisa, "Mungu".

Nikamwambia kwa kanuni za mzee hakuna kosa, ni maneno mawili kamili, hakuna kilichokatwa.

"Mzee alikuwa anapanga magazeti ya serikali," akajibu. "Mimi napanga kadi. Mwenyezi Mungu hatenganishwi. Nilishawahi kuletewa kadi mia mbili zirudiwe kwa hilo."

Akapunguza saizi ya mstari kwa pointi moja ili vyote viwili viingie. Haikutosha. Akaondoa neno "zake", akanitazama kama anayeomba ruhusa ya kamati, nami nikampigia simu mwenyekiti.

Mwenyekiti alitaka kujua kwanza kama kuondoa neno kunapunguza bei.